Mgeni wa Jumapili Asiyebisha Hodi

Mdogo wangu Cibalonza aliachana na Eliezer mwaka 2014, baada ya Eliezer kumfuata mwanamke mwingine mji wa Buffalo. Mwaka uliofuata yule mwanamke akamfukuza. Eliezer akarudi mjini Louisville, akapata kazi ya ghala kule mtaa wa South End, na kila Jumapili baada ya ibada akawa anakuja kwa Cibalonza, mtaa wa Highview, eti kuona watoto. Watoto wenyewe walikuwa chumbani na simu zao. Yeye alikuwa sebuleni, miguu juu ya meza, anakula sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

Habari zilinifikia mimi dada yake mkubwa, kwangu Hilliard, Ohio, na sikuzipenda hata kidogo. Kwetu, mwanaume anayetaka mke wake arudi huleta wazee, huomba msamaha, hutulia akitukanwa. Huyu aliingia bila hata hodi, kama paka anayejua sufuria iko wapi. Nikawasha gari nikaenda kujionea mwenyewe.

Nilimkuta palepale kwenye kochi. Televisheni ilikuwa na komedi ya zamani ya Waingereza. Cibalonza aliijulia kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee. Bikizee mmoja wa pale aliitazama tangu ujana wake, na alikuwa akianza kucheka kabla haijaanza. Bikizee akafariki, Cibalonza akaendelea kuitazama.

Ndani ya televisheni kulikuwa na watu wanaocheka lakini hawaonekani. Mimi siwaamini watu wanaocheka wamejificha, basi nikatega sikio. Cibalonza alicheka kwanza, kisha wale waliojificha, kisha Eliezer. Kila mara ikawa hivyo. Nikajua huyu bwana haelewi kitu.

“Shemeji,” nikamwuliza, “banacheka nini?”

“Bon, yaya, ni mambo ya Bazungu tu.”

Nikamgeukia mdogo wangu. “Wewe uniambie.”

Hakuondoa macho kwenye televisheni. “Ni mwanaume mwenye bibi yake alimuacha. Donc kila siku anakuyaka kwa ule bibi, anakula, anakaa, hataki kujua kama mambo iliisha. Ndiyo batu banamuchekaka.”

Eliezer aliacha kutafuna. Akateremsha miguu. Nilifurahi sana, sifichi.

“Na bibi,” akauliza polepole, “anamurudishaka?”

“Hapana. Lakini ule mwanaume anapigaka hodi.”

Akaondoka, sombe ikabaki kwenye sahani.

Sikurudi Ohio. Nilitaka kuhakikisha ameelewa. Jumapili iliyofuata nikiwa jikoni nikasikia mlango unagongwa. “Hodi!” Ilikuwa sauti ya Eliezer, ndogo kama ya mtoto. Adabu au ujanja mpya, sikujua.

“Usifungue,” nikamwambia Cibalonza.

Alikuwa ameshainuka, lakini hakwenda mlangoni. Alikwenda kwanza kwenye kioo, akafunga kitambaa upya, akapaka mafuta kidogo midomoni. Ndipo akaitikia, “Karibu.”

Nilibaki nimeshika mwiko. Tangu siku hiyo ninayemchunga si Eliezer tena.