Pweza wa Mvua ya Masika

Majuzi nilishuka ufuoni Likoni huku mvua ikinyesha, nikawakuta vijana wamejibanza kibandani. Mmoja akaniambia, "Bibi, rudi nyumbani, leo bahari haiendeki." Nikacheka, na wallahi hakujua nacheka nini. Kwetu sisi, rafiki yangu, hapakuwa na bahari isiyoendeka maadamu bibi yangu yu hai.

Ilikuwa miaka ile ya vita vikuu, nami ni msichana wa kutumwa ndoo ya maji lakini bado siaminiwi chungu. Baba alikuwa kuli bandarini, meli zikizidi hulala huko huko. Mama alikuwa amejifungua ndugu yangu, na maziwa hayakutoka. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Mkunga akasema dawa ni supu ya pweza, lakini masika yalikuwa yamekaza na hapakuwa na aliyeleta pweza sokoni.

Bibi, mamake baba, aliijua miamba shimo kwa shimo. Shida ni kwamba pweza huwindwa bahari ikitoka sana, zile siku chache za bamvua, na bibi hakuwa na nafasi hata ya kujikuna. Alfajiri akikaanga mahamri ya kuuza, mchana akishona makuti, jioni akimkanda mama kwa maji moto. Bamvua ikaanza kupita hivyo hivyo. Siku moja tuliyojaribu kutoka, radi ikaturudisha ndani. Siku ya mwisho tukaamka mvua ingali inamwaga, na jirani akaja kumwambia asithubutu.

"Mvua haimzuii pweza kula, itanizuia mimi?" bibi akasema. Akaacha unga wa mahamri ulivyo, akaniita.

"Abee," nikaitika, kanga nishaishika mkononi.

Kanga ile haikuwa ya kujifunika. Matone yakipiga maji huoni chini, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuitanda juu ya kila shimo kama paa, bibi achutame chini yake atazame. Nyumba ya pweza huijua kwa makombe yaliyo mlangoni, maana akisha kula hutupa maganda nje. Tulipita shimo baada ya shimo, yote maganda ya zamani, wenyewe wamehama. Mikono ilinifa ganzi. Maji yalikuwa yamegeuka, yanajaa tena, yananipanda magotini, na baridi ile! Nikaanza kulia.

"Lia, lakini usishushe kanga," bibi akasema. Jamani, nilimchukia saa ile.

Kwenye shimo moja karibu na mkondo makombe yalikuwa mapya, yanang'aa. Bibi akatia fimbo, ikashikwa. Akavuta, akalegeza, akavuta tena, mara pweza huyo nje, kamzunguka mkono hadi kiwikoni. Tulirudi pwani mawimbi yakitusukuma mgongoni, akanipa nimpigepige jiweni alainike. Nilimpiga kwa hasira zangu zote.

Mama alipotuona mlangoni tunachuruzika maji, alilia. Kwao kulikuwa mbali, hakuwa na mtu wake pale.

"Mama, umetoka na mvua yote hii kwa ajili yangu?" akamwuliza bibi.

"Mwana yuwalia kwa ndaa, nawe wataka mazungumzo. Kunywa."

Supu ilinukia tangawizi na ndimu. Akanywa bakuli zima, na kesho yake ndugu yangu alinyonya. Tulimsikia akimeza, nyumba nzima tumenyamaza kumsikiliza. Kama ni supu au ni yale machozi ya mama, mimi sijui.

Bibi alikwenda zamani, na mama akamfuata. Miamba ile imejaa mchanga. Pweza siku hizi namnunua dukani, kagandishwa, iwe jua iwe mvua. Nampika vilevile, na ni mtamu, siwezi kukufuru. Lakini kila nikimpakua najua kwamba hakuna aliyeloa kwa ajili yangu, na namlilia bibi kama mtoto mdogo.