Kidevu cha Baba

Kila ninapoanua taulo lililokaukia juani likawa gumu kama omena, wale dagaa wakavu, napata harufu ya kidevu cha baba. Ugonjwa wa kutetemeka ulimlegeza mdomo, na mate yakawa yanamtoka bila ruhusa. Kazi ya taulo nilipewa mimi, kwa kuwa sikuwa mtoto wa kuzurura nje; hata jogoo wetu aliujua mtaa wetu wa Manyatta kuliko mimi. Nilimwambia, "Baba, meza," kisha nikampangusa kwa kugusa tu, asichubuke.

Siku moja dada yake baba alikuja kutoka Port Victoria. Shangazi huyu alijiona daktari kwa sababu aliwahi kumuuzia daktari samaki. Tulipozunguka sahani moja ya ugali, akarudisha mkono.

"Hiyo ni kifafa. Mate yake ikiwagusa, nyinyi wote mnashika. Huyu apewe sahani yake kando."

"Si kifafa, wifi," mama akasema. "Daktari alisema ni mishipa."

"Huyo daktari anakula hapa?"

Baba akanitazama. Nilikuwa nimempangusa miezi mingi, na sikuwa nimeshika hata mafua. Ningesema hivyo tu. Badala yake nikanawa mikono upya, nikasogea upande wa shangazi.

Baba akameza bila kuambiwa. "Nimeshiba," akasema, na hakuwa amekula hata tonge. Akainuka polepole, akaenda kukaa mlangoni.

"Afadhali anajielewa," shangazi akasema, akamega samaki. Kipande kikubwa alinipa mimi, mwenye akili. Nilikila chote, nikalamba na vidole.