Saa ya Ukutani ya Mganga

Mnanisumbua niandike kisa hiki kana kwamba sina ng'ombe wa kukamua. Enzi za mashamba ya ngano ya serikali, muuzaji wa kampuni ya dawa alimpa mganga wa zahanati yetu saa ya ukutani. Tangu hapo kila mtoto anayeharisha aliandikiwa dawa yao ya kununua, na pakiti za chumvi za bure zikafungiwa kabatini.

Nikafika na mjukuu aliyekauka mdomo. "Fungua kabati."

"Bibi, hizo zimepitwa na wakati."

"Hata mimi nimepitwa. Shikamoo kwanza, halafu ufunguo."

"Shikamoo," akasema, akafungua.

Jioni mtoto alilia, na machozi yakatoka. Kwetu Wabarbaig akina mama tuna baraza letu, la kumhukumu mwanamume aliyetukosea. Tulikaa siku moja tu. Mganga alilipa ng'ombe dume mweusi, akamleta mwenyewe kwa kamba. Saa tukamwachia.