Bwawa la Shimo la Saba

Wachezaji walimwita Bwana Mtego, na jina hilo lilimkaa kama kofia yake. Kazi yake ilikuwa kuchora viwanja vya gofu, na katika vyote alivyochora, hakuna kilichomtembeza kifua mbele kama shimo la saba.

Bendera ya kuonyesha shimo aliisimamisha ng'ambo ya bwawa. Mwenye roho ngumu alipiga mpira moja kwa moja juu ya maji. Mwoga alizunguka kushoto, kwenye nyasi pana, akapoteza pigo zima. "Siwafungii njia," alipenda kusema. "Nawaachia wachague, halafu nawatia wasiwasi." Ndiyo maana aliagiza bwawa lichimbwe kina kirefu, ili maji yawe meusi na mtu asione chini.

Mipira ilizama kila siku. Dada yake alipomlilia kwamba mumewe hana kazi, Bwana Mtego alikwenda mwenyewe klabuni kumwombea kazi. Basi shemeji akawa mzamiaji, anaibua mipira na kuirudisha klabuni. Alikuwa mcheshi kweli kweli. "Shemeji," alikuwa akimtania, "wewe unawatia hofu matajiri, mimi nakula kwa hofu yao. Endelea hivyo hivyo!"

Asubuhi moja shemeji aliingia majini na hakuibuka. Walipomtoa, mguu mmoja ulikuwa umejaa tope hadi kwenye paja.

Msibani, dada hakupiga kelele. Alingoja watu wapungue, akaja kukaa karibu na kaka yake.

"Kaka, nikuulize kitu?"

"Niulize, dada'ngu."

"Mpira ule mdogo hivi. Ulihitaji kina chote kile?"

Bwana Mtego angesema nini? Kwamba maji meusi yanapendeza?

Baada ya maziko alichora upya shimo la saba. Bwawa alilifuta, mahali pake akaweka mashimo ya mchanga, akampelekea mwenyekiti wa klabu. Mwenyekiti aliutazama mchoro kwa heshima, akaukunja taratibu.

"Pole sana, mzee wangu. Lakini watu wanatoka mbali kwa ajili ya maji yale. Bila bwawa, hapo pana nini?"

"Pana mtu aliyekufa."

"Tutaweka kibao. Hakuna atakayeruhusiwa kuzamia tena."

Kibao kikawekwa. Wiki ileile mchezaji mmoja alivusha mpira juu ya maji, na makofi yakasikika mpaka barabarani. Bwana Mtego alikuwa amesimama nyuma ya uzio. Alilijua kila pigo kabla halijapigwa: nani angethubutu, nani angezunguka. Alikuwa amewapangia wote. Kwa mtu wa kuingia majini peke yake hakuwa amepanga lolote, hata kipande cha kamba.

Hakuchora tena. Kazi zilikuja, akazikataa, mpaka zikaacha kuja.

Dada aliamua kuhamia kwa wakwe zake. Siku ya kuondoka, Bwana Mtego alimbebea godoro hadi kwenye gari, akalifunga vizuri, akabaki ameshika mlango.

"Utakuja kunitembelea?"

"Nitakuja, kaka," alisema dada kwa upole, kama anavyojibiwa mgeni, akawapakata watoto wake bila kumtazama usoni.

Gari likaondoka. Yeye akarudi nyumbani kwake, akakaa kitandani na viatu miguuni, na hakukuwa na mtu wa kumwambia avue.