Mbwa Akishiba Habweki

Wapo wanaochelewa kuhitimu kwa uvivu, wapo wanaocheleweshwa na maradhi, na wapo waliopoteza mwaka mzima kwa sababu ya mapenzi. Kuo Su-ching alichelewa kwa sababu alikuwa hodari. Ukilisikia hilo mara ya kwanza unacheka. Yeye hakuwa akicheka.

Alikuwa akisomea kompyuta zile ndogo zinazofichwa tumboni mwa mashine, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ambazo huiambia lifti isimame wapi na pampu izime lini. Aliingia maabara ya Profesa Liang pale Hsinchu akiwa msichana wa miaka ishirini na minne, ana mkoba mmoja na mwavuli uliovunjwa na upepo wa mji huo siku ileile aliyofika. Sasa alikuwa na thelathini. Tasnifu yake ya uzamivu ilikuwa imekwisha andikwa, imesomwa, imerekebishwa, imechapwa upya. Kilichobaki ni sahihi moja tu ya profesa, ya kumruhusu aketi mbele ya watahini.

Wanafunzi wa kule humwita profesa wao Bosi, na wala hawasemi kwa utani. Bosi ndiye anayeamua uje saa ngapi, ule lini, uhitimu mwaka gani. Kila mara Su-ching alipoipeleka karatasi ile mezani kwake, Bosi Liang aliisogeza pembeni kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayeondoa mwiba wa samaki kwenye sahani.

"Bado kidogo, Su-ching. Kidogo tu. Huu mradi wa mabwawa ya samaki nimwachie nani? Ting-kai?"

Wote wawili walikuwa wakijua kwamba Ting-kai hawezi kuachiwa hata birika la chai.

"Wewe ni guai," Bosi alikuwa akimalizia. "Ndiyo maana sina wasiwasi na wewe."

Guai ni neno wanaloambiwa watoto: mtoto anayemaliza chakula chake, asiyejibizana, asiyemwaibisha mama yake mbele ya wageni. Kuna hata vitafunio vya mahindi vyenye jina hilo, na katika kila maabara utaona pakiti yake imewekwa juu ya mashine ili nayo itulie na kutii. Lazima iwe ya kijani, na isiwe imepitwa na tarehe, la sivyo mashine inageuka mkorofi. Watu wenye shahada tatu wanaamini hivyo, na usithubutu kuwacheka.

Yen Ting-kai alikuwa amekuja maabara miaka mitatu baada ya Su-ching. Alikuwa mzembe wa kuzaliwa, mwenye roho nzuri na mikono mibaya. Bodi alizounguza zingetosha kuezekea banda la kuku. Mwezi wa sita Bosi alimtilia sahihi bila hata kukaa kitako. Afadhali aende zake kabla hajauchoma moto mlango.

"Dada," Ting-kai alimwambia siku hiyo, maana ndivyo mdogo wa masomo anavyomwita aliyemtangulia, "kosa lako ni moja. Hujawahi kuharibu kitu."

"Nyamaza."

"Nakwambia kweli. Unguza kitu kimoja tu cha bei mbaya. Kesho yake utaona anakubebea mabegi mpaka stesheni."

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Su-ching kadiri alivyosifiwa ndivyo tembo lake lilivyozidi ukali, na ndiyo maana hawakumruhusu ashuke mnazi.

Jambo ambalo Bosi hakulijua, na mama yake Su-ching hakulijua pia, ni kwamba kule Kaohsiung, mji wa kusini, kulikuwa na kazi inayomsubiri. Kampuni ndogo inayotengeneza vifaa vya kusaidia viziwi kusikia. Meneja wake, Bibi Tang, alikuwa amemhoji kwa saa nzima, kisha akamwambia waziwazi: "Nakutaka wewe. Lakini niletee uthibitisho kwamba umeruhusiwa kutahiniwa. Nafasi nitakushikia mpaka siku inayofuata sikukuu ya mwezi mpevu, hapo mwezi wa tisa, zaidi ya hapo sina uwezo." Su-ching alimwambia Ting-kai peke yake. Mambo yalikuwa bado mabichi, na aliogopa kuyataja yasije yakaharibika.

Mwezi wa nane mambo yakaharibikia kwingine. Mradi wa mabwawa ulikuwa kule Budai, pwani, nyumbani kwao Su-ching hasa, ambako watu hufuga samaki aina ya mwatiko. Bwawa huwekewa magurudumu yanayochapa maji ili samaki wapate hewa, na vile vikompyuta vya maabara ndivyo vilivyoyaamuru magurudumu hayo yazunguke lini. Alfajiri moja magurudumu ya Mzee A-Hok, jirani wa mama yake, yakasimama kimya. Kulipopambazuka samaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi. Mzee aliwaokoa wengi kwa kuwasha magurudumu kwa mkono, kisha akapiga simu Hsinchu na kumwambia profesa maneno ambayo profesa hajaambiwa tangu awe profesa.

Bosi alimwita Su-ching. Uso wa Bosi ulikuwa umepauka.

"Litatue hili," alisema, "nami natia sahihi. Nakupa neno langu."

Katika miaka yote ile Bosi hakuwahi kutoa neno lake juu ya chochote. Su-ching alileta kile kikompyuta maabara, akakiweka mezani, akaanza kukipekua.

Ndani ya kila kikompyuta cha namna hiyo kuna saa ndogo ambayo mafundi wa kule huiita mbwa wa mlangoni. Programu ikiwa nzima, kila baada ya muda mfupi humlisha mbwa yule. Programu ikikwama haimlishi. Mbwa anasikia njaa, anabweka, na mashine nzima inazimika na kuanza upya. Ni ulinzi wa akili sana. Sasa kwa nini kwa Mzee A-Hok mbwa hakubweka? Programu ilikuwa imekwama kabisa, haijui hata kama kuna maji, na bado mbwa ametulia.

Jibu alilipata siku ya tatu mchana, mkononi ana kikombe cha chai ya maziwa ambayo hakuinywa. Chakula cha mbwa hakikuwa kikitolewa na programu. Kilikuwa kikitolewa na saa nyingine ya ndani, inayogonga yenyewe kwa vipindi hata kama kila kitu kingine kimekufa. Mpishi amezimia jikoni, lakini mkono wake unaendelea kurusha mifupa.

Aliyeandika mstari huo ni yeye mwenyewe, mwaka wake wa kwanza. Alikumbuka vizuri. Mashine ilikuwa imejizima na kujiwasha mbele ya wageni wa Bosi, na Bosi akamwambia mlangoni kwa sauti ya chini, "Isijizime tena mbele ya watu. Sitaki kuiona tena ikijizima." Basi akahakikisha haijizimi. Alikuwa guai.

"Kwa hiyo mashine imekufa lakini haiombi msaada," Ting-kai alisema alipoonyeshwa. Alikuwa amekuja kuchukua vitu vyake.

"Ndiyo."

"Kwa sababu mbwa ameshiba."

"Ndiyo, Ting-kai."

"Inanikumbusha mtu mmoja hivi. Akiitwa tu, 'Sawa, Bosi.' Akiulizwa, 'Hakuna tabu, Bosi.' Sasa nani atajua kwamba huko ndani..."

"Chukua vitu vyako uende."

Alivichukua, akacheka, lakini alipofika mlangoni aligeuka na hakuwa akicheka tena. "Ukipata sahihi hiyo, dada, usirudi hata kuaga." Su-ching alirudi mezani. Aliuhamisha ule mstari mahali pake, akakijaribu kikompyuta kwa wiki nzima, kikawa kinakwama na kuamka, kinakwama na kuamka, kama inavyopaswa.

Bosi alifurahi mno. Akasema sahihi ataitia Budai kwenyewe, siku ya sikukuu ya mwezi mpevu, mbele ya wenye mabwawa, wapate kumjua aliyewaokolea samaki. Su-ching alihesabu moyoni: sikukuu ipo, na kesho yake atampigia Bibi Tang. Atawahi.

Siku ya sikukuu kila familia ya kule huchoma nyama nje ya nyumba. Mama Kuo alikuwa ametandika meza kando ya bwawa, moshi unamwingia machoni, chaza wanapasuka juu ya makaa. Alikuwa mjane, na miaka sita mfululizo majirani walikuwa wakimuuliza, kwa ule upole unaokata, "Binti bado anasoma tu? Au kuna tatizo?" Miaka sita alijibu kwamba elimu ya juu haina haraka, kisha akaenda kuosha sufuria ambazo tayari zilikuwa safi. Leo hakutuliza kitako.

Bosi Liang alikuja na kikapu cha mabalungi. Alikula kila alichopewa, akamwomba radhi Mzee A-Hok mbele ya watu kwa kuinama kabisa, kisha akatoa kalamu. Akatia sahihi palepale, kwenye meza yenye mafuta. Mama Kuo alilia kwa sauti. Su-ching aliishika karatasi, akahisi kifua chake kinafunguka kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Angeweza kupiga kelele.

"Na si hilo tu," Bosi alisema, akiwa bado amesimama. "Nimepigana na chuo mwezi mzima, jamani. Nimempatia nafasi ya mtafiti. Miaka mitatu, maabara ileile, meza ileile. Hata kikombe chake hana haja ya kukihamisha!"

Watu walipiga makofi. Mzee A-Hok alipiga kuliko wote.

"Mama..." Su-ching aligeuka.

"Nilijua, mwanangu!" Mama yake alimkamata mikono yote miwili. "Mwalimu alinipigia simu. Akaniuliza kama utakubali, nikamwambia, huyo? Huyo tangu mdogo hajawahi kunikatalia kitu. Nikakukubalia mimi, usije ukahangaika na mtihani na hilo pia." Akashusha sauti, akamwita kwa jina la utotoni. "Mtafiti wa chuo kikuu, A-Ching. Wamesikia wote. Mshukuru mwalimu."

Bosi alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu aliyeleta zawadi na anangoja ifunguliwe. Naye, masikini, aliamini ni zawadi. Su-ching alifungua mdomo. Neno Kaohsiung alikuwa nalo, lilikuwa tayari kabisa ulimini. Mama yake akamwekea bakulini tumbo la mwatiko, kipande chenye mafuta ambacho siku zote hupewa mgeni wa heshima.

"Asante, Bosi," alisema.

Bibi Tang alipiga simu kesho yake asubuhi, kabla hajapigiwa. Su-ching aliipokea nyuma ya banda la pampu. Karatasi yenye sahihi ilikuwa mfukoni mwake.

"Vipi, umepata ruhusa?"

"Bado," Su-ching alisema. "Samahani sana. Sijaruhusiwa."

Kisha Bibi Tang, ambaye alikuwa mtu mwema, akauliza kwa uchungu wa kweli, "Lakini kazi yako imekwisha, nimeisoma mwenyewe. Nani anakuzuia? Nitajie, labda ninamfahamu, niongee naye."

Su-ching alitafuta jina la kumtajia, na kila alilolipata lilikuwa la mtu anayempenda. Akasema ni taratibu za chuo tu.