Kikapu cha Simu

Keziah Kwamboka alikuja Lamu kupika, si kupigana. Aliwapikia vibarua wa bandari mpya kule Kililana, na kazi ilipokwisha vibarua wakatawanyika, yeye akabaki. Akafungua saluni ya kusuka nywele mtaani kwetu, chumba kimoja chenye pazia zito mlangoni. Nyuma ya pazia lile wanawake wa Kiamu tulivua mabuibui na mitandio, tukamwachia vichwa vyetu mtu wa bara, Mkisii, Mkristo. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema nilichomtenda.

Mieleka ilianzia humo. Shifaa, binti wa mama yangu mdogo, ni mwingi wa mdomo. Siku moja akamtania Keziah: "Mikono hiyo, bibi, ni ya kusuka au ya kuvuta nanga?" Keziah akaweka kitana chini, akamkumbatia kiunoni, akamzungusha na kumlaza sakafuni taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Alituambia amekulia na kaka watano, na kwao kila jioni ilikuwa kuangushana. Tulicheka hadi machozi. Shifaa akainuka na kujipangusa, akamwita arudie.

"Ndoo uniangushe tena! Wallahi sikuwa tayari."

Miezi minne baadaye tulikuwa kampuni ya wanawake wanane, yenye jina, cheti na filimbi. Ulingo wetu ulikuwa magodoro ya sufi yaliyofunikwa tanga kuukuu la jahazi kutoka Matondoni, uani mwa ukumbi wa harusi. Watazamaji walikuwa wanawake watupu. Sheria tuliichukua kwenye sherehe ya kupamba, pale bibi harusi anapoonyeshwa wanawake wenzake: simu zote hubaki mlangoni, maana mle ndani watu hawana mitandio. Mwenye kikapu cha simu nilikuwa mimi, Hadia. Nilikuwa mkali, hata mama mkwe wangu nilimpekua mkoba. Simu moja tu iliruhusiwa kuingia, ya Keziah, kwa kuwa yeye ndiye mwamuzi na alihesabia dakika humo.

Onyesho la tatu Shifaa alipambana na Fairuz, muuza maandazi, mwanamke wa miraba minne. Mamake Shifaa, Bi Esha, alikuwa kwake Tchundwa, kisiwani Pate, na mguu uliovunjika. Alinipigia simu asubuhi ile: "Nami sitamuona mwanangu, Hadia?" Nikajiambia mama ni mama, kuna ubaya gani? Nikatoa simu yangu kikapuni, nikasimama palepale mlangoni, nikarekodi dakika moja na kumtumia. Kikulacho ki nguoni mwako. Nguo ilikuwa ya Shifaa, na mdudu nilikuwa mimi.

Bi Esha alifurahi kupita kiasi. Akamtumia shoga yake mmoja tu, shoga naye akamtumia wa kwake, na kufikia adhuhuri ya siku ya pili Shifaa alikuwa kwenye simu za wanaume, kichwa wazi, nywele zimefumuka. Mumewe, Idarus, siku tatu hakula nyumbani. Bi Esha akanipigia akilia, akaniomba tusiseme kitu. Nilikubali upesi mno.

Tukaitana ukumbini. Shifaa alikaa amejifunika uso.

"Mwenye kunipenda asitie mato yake mule," akasema juu ya ile video. "Futeni."

Tukaapa sote. Kwetu ukikutana na aibu ya mwenzio unainamisha macho. Hiyo ndiyo sitara. Kwa hiyo hakuna aliyeitazama, na kwa kuwa hakuna aliyeitazama, hakuna aliyejua kilichomo. Mimi nilijua. Pembeni mwa video, mwanzo hadi mwisho, alionekana Keziah na simu yake mkononi, akihesabu dakika.

Fairuz akauliza, "Mule ndani, simu alikuwa nayo nani?"

"Mimi," Keziah akajibu. "Lakini sikurekodi."

"Watu wa bara hawajui sitara."

Hakuna aliyemkanya Fairuz. Macho ya Keziah yalinipitia, hayakukaa. Akaweka filimbi juu ya tanga, akatoka. Wiki haikuisha, saluni yake ikawa haina hata kichwa kimoja cha kusuka, akafunga na kwenda kulima simsim katika shamba la rafiki yake Wairimu, kulekule Kililana.

Kampuni tuliyompokonya haikutufaa. Aliyejua kuangusha mtu bila kumuumiza alikuwa yeye, na zoezi la kwanza bila yeye Fairuz aliteguka bega. Mimi nilikuwa nikiswali na kila nikisujudu naiona ile filimbi. Mwezi wa pili tangu aondoke nikavuka kwenda Kililana. Nilimkuta ameinama na jembe, nikasema yote kabla salamu haijaisha.

"Najua," akasema. "Niliiona kabla hamjaapa. Imechukuliwa kutoka mlangoni, na mimi niko ndani yake."

"Mbona hukujitetea?"

"Ningejitetea na nini? Ningelazimika kuwaonyesha. Shifaa alisema asitazamwe."

Akanipa maji ya kunywa, akarudi kwenye palizi. Nililia boti nzima, na abiria wakadhani nimefiwa.

Siku ya pili niliwaita wote. Nilitia simu yangu kikapuni mbele yao, nikasema yote. Shifaa akaniuliza:

"Na Keziah alijua kwamba yumo mule?"

"Alijua."

Akafunga buibui lake. "Nionyesha ndia ya Kililana." Fairuz, na bega lake la bandeji, akainuka pia. Hakuna aliyenitukana, na nilitamani wanitukane.

Keziah alirudi baada ya wao kumwendea mara tatu. Siku ya onyesho la kwanza tangu arudi walimuuliza mlangoni awekwe nani.

"Hadia," akasema. "Nani atamshinda ukali?"

Nikakichukua kikapu. Tangu siku ile simu yangu huwa ya kwanza kuingia humo. Mimi huinua mkono juu waione ikiingia, na kila mara naona kwamba Keziah ameshageuka, anatandika tanga, hana haja ya kutazama.