Hesabu za Kumfukuza Dubu

Ninyi wenzangu mliosoma kwa miguu mtanielewa. Kwetu Taita, upande wa Voi, njia ya shule ilikuwa yetu na ya ndovu, na ndovu hawakuwa na haraka. Mama alitukataza kupita kimya. "Mnyama humpisha anayemsikia," alisema, na kwa kuwa hakupenda kelele za bure, akatuamuru tukariri hesabu. Basi tulikwenda kwa safu, watoto watano, sare zikinuka moshi, viazi vitamu vya moto vikituunguza mifukoni, tukipiga mayowe: "Saba mara saba, arobaini na tisa!" Ndovu wa kwetu walijua hesabu kutushinda. Watoto wa leo ukiwauliza saba mara nane wanatafuta simu.

Mgumu alikuwa Mghoi, kitinda mimba wetu. Akinuna hafungui mdomo, ikabidi sisi tumpigie kelele sehemu yake.

Wakati wa korona mimi nilifungiwa ughaibuni, Mount Druitt, naye Mghoi alikuwa Japani, akifundisha Kiingereza katika mji mdogo wa milimani. Asubuhi moja akanipigia simu akinong'ona. Dubu mweusi ameonekana karibu na nyumba yake akila matunda ya jirani, na vipaza sauti vya mji vinaonya watu wasitembee peke yao. Yeye hakuwa na mtu, shule ilikuwa mwendo wa nusu saa, na mipaka imefungwa. Niliogopa, sifichi.

"Dada, nifanye nini?"

"Wenyeji wanafanyaje?"

"Wanafunga kengele kwenye mkoba. Dukani zimeisha."

"Basi anza na ya saba."

Akanuna kwanza. Kisha akatoka na simu mkononi, akapaza sauti nyuma ya barakoa, nami jikoni nikamwitikia kwa nguvu zote, mpaka jirani akagonga ukuta. Binti yangu akatoka chumbani, darasa lake lote la mtandaoni limeshasikia. "Mum, bears don't do maths." Nikamwambia kama dubu hawafanyi hesabu, ndovu walifanya.

Tulikariri kila asubuhi hadi theluji ikaanguka na dubu wakaenda kulala. Mghoi akinyamaza hata kidogo, nilimpigia kelele sehemu yake, mpaka aseme, "Nimefika."

Siku hizi ujumbe ukichelewa dakika mbili tunachanganyikiwa. Mama alitutoa watano asubuhi, akashika jembe, na hakupata "nimefika" ya yeyote hadi saa kumi jioni. Sikuwahi kumuuliza alikuwa akilimaje.